Dungu la Mtu Asiyetaka Kuonekana



Juma lililopita kijana mmoja wa darasa la sita aliniletea picha aliyoikata katika gazeti la Ulaya. Katika picha hiyo laonekana shamba kubwa la shayiri iliyokwisha vunwa, tambarare kama mkeka, limebaki mabua mafupi tu. Upande mmoja pana kitu kama kichaka, na mbele ya kichaka wamekaa njiwa ishirini hivi, wametulia kana kwamba wako kwao. Chini ya picha yameandikwa maneno machache ya Kiingereza, nayo yasema kwamba mpigaji wa njiwa yumo kazini, huko Uingereza.

«Mwalimu,» akaniuliza, «huyo mpigaji yuko wapi?»

Nilimwonyesha. Kile kichaka si kichaka. Ni wavu wenye rangi ya majani makavu, umetandazwa juu ya vijiti, na nyuma yake amekaa mtu mwenye bunduki. Wale njiwa nao, wengi wao si njiwa. Ni sanamu za plastiki. Kijana alicheka sana. Kisha akaitazama picha tena, akasema: «Basi hilo ni dungu. Lakini, mwalimu, shamba limekwisha vunwa. Analinda nini?»

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. La pili lilinikalia moyoni siku tatu, na kwa ajili yake naandika leo juu ya njiwa wa Waingereza na kibanda cha kuwavizia.

Dungu sisi twalijua tangu utoto. Wengine huliita ulingo. Katika bonde la Ruzizi mpunga unapoanza kukomaa, na huku milimani mtama unapotoa punje, watoto huondoka nyumbani kabla ya jua kwenda kuamia ndege. Mimi mwenyewe nilikaa katika dungu la shangazi yangu misimu mitatu, nikiwa na kombeo, debe bovu, na sauti yangu. Dungu letu huinuliwa juu ili mlinzi aone mbali, na ili ndege nao wamwone yeye. Mtoto asiyeonekana wala kusikika hafai kitu. Jioni shangazi atakuja kuhesabu mashuke yaliyobaki matupu, na mtoto atalala bila mboga.

Dungu la Mwingereza ni kinyume chake kabisa. Hujengwa chini, dogo, kimya. Mtu akionekana ncha ya pua, kazi ya asubuhi nzima imepotea. Letu hufukuza ndege; lao huwaita. Ndiyo maana kulijenga ni kazi ngumu kuliko kulijenga letu, ingawa halina ngazi wala nguzo kubwa.

Kwanza tumjue mwizi. Njiwa wa mwitu wa Ulaya ni mkubwa kuliko njiwa wa kufugwa: urefu wake hupita sentimita 40, na uzito wake ni nusu kilo hivi. Ni wa rangi ya kijivu, kifua chake chaelekea rangi ya waridi, ana baka jeupe kila upande wa shingo, na katika bawa ana mstari mweupe uonekanao sana arukapo. Jike hutaga mayai mawili tu, lakini aweza kurudia zaidi ya mara moja katika mwaka mmoja, na makinda hulishwa kwanza kwa maziwa mazito yatokayo kooni mwa wazazi wote wawili. Huko Uingereza idadi yao yakadiriwa kupita jozi milioni 5. Huenda pamoja kwa makundi makubwa, na kundi likishuka shambani hula kwa bidii ya kutisha.

Hula nini? Mbegu za njegere zikipandwa, ngano iliyolazwa na mvua, kabichi, na zaidi ya yote mmea uitwao rapa. Mmea huo ni ndugu wa kabichi na haradali, na mbegu zake hukamuliwa mafuta. Waingereza walianza kuulima kwa wingi tangu miaka ya 1970. Hupandwa mwisho wa majira ya joto, na wakati wa baridi, mashamba mengine yanapokuwa matupu, huo huwa majani mabichi. Kwa njiwa mwenye njaa ni karamu. Huyadonoa majani mpaka yabaki makonde ya katikati tu, na shamba lililoliwa hivyo huchelewa kutoa maua, au sehemu zake hufa kabisa.

Mkulima hujaribu kwanza kuwafukuza, kama sisi. Husimamisha sanamu za watu, huning'iniza vitu vinavyometameta, huweka mizinga ya gesi inayolia yenyewe kila baada ya muda. Njiwa huogopa siku chache. Kisha hugundua kwamba ule mlio haumpigi mtu, nao huja kula karibu ya mzinga wenyewe. Hapo ndipo mkulima amwitapo mpigaji.

Kosa la kwanza la mtu mgeni katika kazi hii ni kuanza kwa kujenga. Afika shambani na mizigo yake, achagua mahali penye kivuli kizuri, asimamisha wavu, apanga sanamu zake, akaa. Hukaa mpaka jioni. Njiwa hupita mbali kwa mamia, wakienda katika shamba la jirani.

Palikuwa na mtu aliyeitwa Archie Coats, meja wa zamani wa jeshi la Uingereza, aliyekaa katika jimbo la Hampshire. Alifanya upigaji wa njiwa kuwa kazi yake ya kumlisha, akiitwa na wakulima wa jirani, na mwaka 1963 alitoa kitabu juu ya ufundi huo. Mwezi wa Januari 1962 alipiga njiwa 550 kwa siku moja. Watu husikia hesabu hiyo wakadhani kwamba siri yake ilikuwa shabaha tu. Shabaha alikuwa nayo, bila shaka. Lakini hakuna mtu awezaye kupiga ndege ambaye hakuja, na kumjua ajapo ni kazi ya macho, inayofanywa siku moja au mbili kabla ya kubeba bunduki.

Basi mpigaji mwenye akili huja kwanza mikono mitupu, au na darubini tu. Hukaa mahali palipoinuka, akatazama. Njiwa wametoka msitu gani? Wamepita wapi? Maana njiwa angani ana njia zake, kama sisi tulivyo na njia zetu porini. Hufuata mstari wa miti, au ua wa vichaka utenganishao mashamba, au bonde, au hata safu ya nguzo za umeme. Hapiti ovyo. Mpigaji huitazama njia hiyo mpaka aweze kuichora katika ardhi kwa kidole. Kisha hutazama mahali watuapo. Shamba laweza kuwa na hektari arobaini, na njiwa wote wakapenda kipande kimoja tu kisichozidi uwanja wa mpira, kwa sababu hapo mmea ni dhaifu au punje zimemwagika. Hujenga hapo, wala si penye kivuli.

Na saa nayo huangaliwa. Njiwa walioonekana asubuhi pengine hawarudi alasiri. Mtu aliyewaona saa tisa, akaja kesho yake saa mbili ya asubuhi, hukaa muda mrefu na kunguru.

Baada ya njia huja upepo. Njiwa hutua akiuelekea upepo, kama ndege ya abiria itakapo kushuka uwanjani. Kwa hiyo mpigaji hutaka upepo umtokee mgongoni, au ubavuni, ili ndege wanaotaka kutua waje wakimwelekea yeye na kushuka mbele yake. Upepo ukimpiga usoni, ndege watatokea nyuma, watapita juu ya kichwa chake, na kutoka juu kila kitu chaonekana: kofia, mikono, chupa ya chai, mbwa. Ndiyo sababu mpigaji aliyechagua mahali pake jana jioni huamka asubuhi na kulowesha kidole kwanza. Upepo ukiwa umegeuka, hana budi kuhama, hata kama mahali pale palimpendeza sana.

Sasa kibanda chenyewe. Penye ua wa vichaka kazi ni nyepesi: mtu huingia katika pindo la kichaka, husimamisha vijiti vya chuma vinne au sita vyenye ncha ya kuchoma ardhini, hutandaza wavu, na kuupamba kwa matawi ya mahali pale pale. Nasema pale pale, maana tawi la mti usioota hapo ni alama, si maficho. Nyuma yake lazima pawe na giza. Hilo husahauliwa na wengi. Wakishughulika na wavu wa mbele peke yake, mwanga hupenya kutoka nyuma, na kivuli cha mtu huonekana katika wavu kama picha katika sinema.

Katika shamba la wazi lisilo na ua wala mti, kama lile la picha ya kijana wangu, ndipo akili hujaribiwa. Hapo mtu hutafuta kitu chochote kilichokwisha kuzoewa na ndege: nguzo ya umeme, mfereji, kibonde kidogo, lundo la mawe. Baada ya mavuno hutumia robota za majani makavu. Mkulima huziacha shambani siku kadhaa, mbili juu ya mbili, njiwa wakazizoea. Kisha mpigaji huingia katikati yake na kufunika juu kwa wavu kidogo. Kama hakuna hata robota, basi wavu peke yake, lakini uwe mfupi, wa rangi ya mabua wakati wa mabua na wa kijani wakati wa mimea, na ufungwe imara usipepee. Kitu kipya kikisimama wima katika uwanda mtupu huwashtua njiwa. Kikiinama chini na kukaa kimya, baadaye kidogo huwa kama kichuguu.

Urefu wake? Mtu akiwa ameketi juu ya kigoda, wavu umfikie usawa wa macho, aweze kuchungulia juu yake au katika tundu. Akisimama kupiga, asizuiwe na kitu. Kigoda ni kitu cha lazima. Mtu anayechuchumaa hutingishika kila dakika, na njiwa huona mtingishiko kabla ya kuona umbo. Uso wetu, uwe mweusi au mweupe, hung'aa ukiinuliwa ghafula. Kwa hiyo wapigaji huvaa kofia yenye ukingo na kitambaa cha kuficha uso. Saa ya mkononi hufunikwa kwa mkono wa koti.

Mbele ya kibanda hupangwa zile sanamu. Njiwa hawapendi kula peke yao. Wakiona wenzao wametulia chini, huamini kwamba mahali hapo pana chakula na hapana hatari. Sanamu kumi hata ishirini na tano zatosha. Hazipangwi kwa mistari kama wanafunzi siku ya sikukuu ya taifa, wala hazitazami zote upande mmoja. Hutawanywa hatua mbili mbili, nyingi zikielekea upepo kidogo, kwa umbo la kwato ya farasi, na uwazi wa kwato hubaki mtupu mbele ya kibanda, kiasi cha mita ishirini hivi. Huo ndio uwanja wa kutua. Njiwa ajaye kwa upepo huona nafasi hiyo kati ya wenzake, hushusha miguu, hufungua mkia. Sanamu moja huwekwa mbali zaidi, mita thelathini au kidogo kupita, nayo ina kazi nyingine: ni alama ya mpaka. Ndege aliye mbele ya alama apigwe. Aliye nyuma yake aachwe. Bunduki ya marisau, ile ambayo kwetu huitwa kalibre 12, hutawanya risasi zake ndogo, na mbali zaidi ya hapo hujeruhi pasipo kuua. Ndege aliyejeruhiwa akaenda kufa msituni kwa siku mbili hakumfaa mkulima, wala mpigaji, wala mtu yeyote.

Ndege wa kwanza wakipigwa, huwekwa mahali pa sanamu za plastiki, maana hakuna sanamu ipitayo njiwa mwenyewe. Hukalishwa kwa tumbo, mabawa yamefungwa, kichwa kimetegemezwa na kijiti chembamba. Njiwa aliyelala chali, tumbo jeupe juu, huwaonya wenzake kwa sauti kubwa kuliko bunduki. Kadhalika manyoya yaliyotawanyika huokotwa. Na kuna jambo moja wapigaji hulipenda: hufungua kifuko cha chakula kilicho kooni mwa ndege wa kwanza, wakatazama. Kikiwa kimejaa majani ya rapa, hali kibanda kiko katika mabua ya shayiri, wamejua mara moja kwamba ndege wale hawakuwa wakija hapa; walikuwa wakipita.

Siku hizi pia kuna mtambo unaoendeshwa na betri, wenye mikono miwili mirefu inayozunguka polepole na njiwa mfu kila mwisho wake, kama kwamba wako wawili wanaotaka kutua. Huvuta ndege kutoka mbali sana. Lakini mahali ulipotumika mno, ndege waliopona huujua, na wakiuona tu hugeuka.

Katika habari ya usalama sitaki kupita haraka, kwa sababu dungu la kujificha lina hatari ambayo dungu letu halina. Mtu aliyejificha asionekane na njiwa haonekani na watu pia, na yeye mwenyewe hawaoni vizuri, hasa walio nyuma. Huko Uingereza njia za miguu hupita katikati ya mashamba, na mtu yeyote ana haki ya kuzifuata. Kwa hiyo kabla ya kukaa, mpigaji huzunguka, akajua nyuma ya ua kuna nini, njia iko wapi, wafanya kazi wa shamba wako upande gani. Hapigi chini, hupiga ndege aliye juu, mbingu ikiwa nyuma yake. Wakati wa kutoka kupanga sanamu, bunduki huachwa tupu. Wakiwa wawili katika kibanda, hupiga mmoja mmoja kwa zamu. Nayo bunduki yenyewe haiwi mali yake mpaka polisi wampe cheti, na nyumbani lazima aifungie salama kwa ufunguo.

Naomba msomaji asinielewe vibaya na kudhani namwalika aige. Hapa mashariki ya Kongo, ambako watu wameteseka miaka mingi kwa ajili ya watu waliojificha na bunduki, mtu atakayekutwa chini ya wavu katikati ya shamba hatapata nafasi ya kueleza habari za njiwa. Nazungumza juu ya nchi yao na desturi yao.

Na ampige njiwa yupi? Si kila njiwa. Kuna njiwa mwingine mdogo kidogo, asiye na baka jeupe shingoni wala mstari mweupe bawani, naye hula pamoja na yule mkubwa. Sheria ya Uingereza haimruhusu mpigaji kumgusa kwa kibali hicho. Kuna tetere wa Ulaya, ambaye wakati wa baridi huja mpaka Afrika ya magharibi, naye amepungua sana hata watu wanahofia atatoweka huko Uingereza. Tena kuna njiwa wa mashindano, wenye pete mguuni na mwenyewe anayewangoja nyumbani huku ameshika saa. Wazee wetu waliofanya kazi na Wabelgiji wajua jinsi watu wale wampendavyo njiwa wa namna hiyo. Kumpiga mmoja ni kutafuta ugomvi wa miaka kumi.

Sasa nalirudia swali la kijana: analinda nini, katika shamba lililovunwa?

Wapigaji wana jibu. Husema: njiwa alaye punje zilizomwagika leo ndiye atakayekula rapa ya jirani mwezi ujao, tukimpunguza sasa, tumelinda mbele. Jibu hilo lina sauti ya akili, na kwa miaka mingi serikali ya Uingereza yenyewe iliamini hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikisaidia kulipia risasi za wapigaji wa njiwa, ili wapigwe wengi iwezekanavyo.

Lakini palikuwa na mtaalamu mmoja, R. K. Murton, aliyefanya kazi ya kuchunguza njiwa hao katika jimbo la Cambridgeshire, na mwaka 1965 akatoa kitabu kizima juu yao. Yeye na wenzake walihesabu ndege mwaka kwa mwaka, walihesabu chakula chao, walihesabu waliopigwa. Wakaona jambo ambalo halikuwafurahisha wapigaji. Wakati ule chakula cha baridi cha njiwa kilikuwa hasa majani ya klova, yale wapandayo kwa ajili ya mifugo. Idadi ya njiwa waliobaki mwisho wa baridi ilifuata wingi wa klova, si wingi wa risasi. Njiwa aliyepigwa mwezi wa Desemba alimwachia mwenzake nafasi mezani. Asingepigwa, mmoja wao angekufa kwa njaa. Risasi zilikuwa zikiwaua waliokuwa wafe. Katika miaka ya 1960 serikali iliacha kulipia risasi. Kisha ikaja rapa, mashamba yakawa ya kijani wakati wote wa baridi, meza ikawa kubwa, na njiwa wakaongezeka kuliko zamani, juu ya kupigwa kote.

Mtu asichukue maneno hayo akasema kwamba basi risasi hazimalizi ndege. Huko Marekani ya kaskazini palikuwa na njiwa wa kuhamahama, makundi yake yakifunika jua kwa masaa. Waliuawa kwa bunduki na kwa nyavu, hata viotani pamoja na makinda yao, na miti waliyokaa ilikatwa. Watega nyavu walitumia njiwa hai aliyeshonwa macho na kufungwa juu ya kijiti, ili awaite wenzake. Wa mwisho, aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Njiwa hai wa kufungwa namna hiyo amekatazwa na sheria ya Uingereza leo.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1981, nayo yawakinga ndege wote wa mwitu. Hata njiwa wetu mwizi amekingwa nayo. Hupigwa kwa kibali tu, na kibali hicho hakisemi «pigeni njiwa». Chasema kwamba mtu aweza kuwapiga ili kuzuia hasara kubwa ya mazao na ya namna hiyo, njia nyingine zikiwa zimejaribiwa au hazifai. Wengi walikuwa wamesahau masharti hayo. Kisha chama kiitwacho Wild Justice kiliwapeleka wakubwa mbele ya sheria, na mwezi wa Aprili 2019 ofisi inayotoa vibali ikavifuta kwa siku chache tu, katikati ya majira ya kupanda. Palikuwa na kelele nyingi sana. Wakulima walilia, na nadhani kilio chao kilikuwa cha haki, kwa kuwa njegere zilikuwa zikiliwa ardhini. Baadaye vilitolewa vibali vipya, na maneno yake yamekuwa makali zaidi juu ya sababu ya kupiga.

Mimi si mpigaji, lakini nimekaa katika dungu, na sioni aibu kusema nionavyo. Mtu aliyekaa wiki mbili katika pindo la shamba la njegere, akapiga njiwa thelathini tu, lakini kundi likahama mpaka miche ikasimama, amefanya kazi ya shangazi yangu. Yule wa njiwa mia tano katika mabua amefanya kazi nyingine. Pengine ni mchezo wa haki, nyama ya njiwa ni nzuri na huuzwa, simhukumu. Lakini asiniambie kwamba amelinda shamba, mpaka anionyeshe shamba lenyewe.

Nilimrudishia kijana picha yake. Nilimwambia kwamba katika mabua yale hailindwi hata punje moja. Kama kuna kitu kilindwacho, ni shamba jingine ambalo picha haikulionyesha, na mtu yule chini ya wavu yampasa aweze kulielekeza kwa kidole. Kijana aliigeuza picha mara moja, atazame kama shamba hilo liko upande wa pili. Huko palikuwa na tangazo la saa za mkononi.